Ndoo

Nilishuka jetini Lamu na vitu vitatu:
sanduku, koti jeupe la maabara, na cheti
ambacho wino wake ulikuwa bado unanuka Eldoreti.
Mpagazi akaniuliza, "Wa nani wewe?"
Wa hospitali, nikasema.
Akacheka. Hilo si jibu la mji huu.

Nyumba ya Bi Barke, Langoni, orofa ya juu.
Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.
"Ndoo," akasema.
Nikaona ndoo ya bluu kando ya birika, nikaibeba.
"Ndoo!" Nikaijaza maji.
"Ndoo, mwanangu, ndoo!" Nikampelekea inamwagika,
naye akakaa chini kwa kicheko, akijifuta macho kwa leso.
Kumbe ndoo yao ni njoo yetu,
na ndaa ni njaa, na mui ni mji,
na mimi Bosibori, niliyepata A ya Kiswahili kule Nyamira,
nimesimama kiwandani, nimelowa.

Jioni akaniletea kahawa tungu.
Sinywi, nikasema. Dini.
Akanyamaza kidogo. "Na nguruwe?"
Sili.
"Tembo?"
Sijui hata harufu yake.
"Basi wewe," akasema, akiichukua kahawa yangu na kuinywa mwenyewe,
"umepungukiwa nini tu kuwa wetu?"
Sikujibu. Wala hakuuliza tena,
ingawa swali nililiona mara nyingi
limeketi naye barazani kama mgeni aliyekosa chumba.

Vijana wa chuo hupita chini ya dirisha alfajiri,
kanzu zimenyooshwa, vitabu kifuani:
Mngazija, Mmakonde, mmoja wa Kisangani.
Adhuhuri huja maabara wakidai ni malaria.
Nawatoboa kidole, nainamia hadubini,
natafuta, natafuta: hamna kitu.
Naujua ugonjwa huo.
Nimeshajipima mwenyewe mara mbili.

Mama hupiga simu: "Wamekusilimisha?"
La, mama, wameninenepesha.
Simwambii kwamba Sabato tuko watatu tu,
mimi, karani wa benki, na polisi wa kutoka Rongo,
tunaimba chinichini chumbani kwa karani, feni inatushinda sauti;
na polisi amepata uhamisho,
anaondoka mwisho wa mwezi.

Kwetu jua la Ijumaa hufia ndani ya mvua.
Baba alishika kalenda ya kanisa, mama akashika saa yake,
wakabishana kila wiki kama Sabato imeingia ama bado.
Hapa sibishani na mtu.
Muadhini wa magharibi akivuta pumzi tu, kabla hajaitoa,
naacha kufua, nazima redio, naweka kisu chini.
Najua hakuniita mimi.
Sijawahi kuchelewa.

Jumamosi moja Bi Barke akapanda ngazi, magoti yakimlalamikia.
"Hupiki leo. Na Jumamosi ile hukupika. U mgonjwa?"
Nikamweleza: moto, pumziko, siku ya saba.
Alisikiliza kama mtu anayehesabu chenji.
"Kwa hivyo ni Ijumaa yako," akasema. "Imetaahari tu."

Tangu siku hiyo mjukuu wake, Lali, huniletea sahani iliyofunikwa.
Ya kwanza ilikuwa wali wa kamba.
Kamba hatuli.
Niliwamegea paka wa kichochoroni, nikala wali mtupu,
nikarudisha sahani imeoshwa na shukrani tele.
Sijamwambia. Kila baada ya wiki mbili kamba hurudi,
wakubwa zaidi, kwa sababu nilishukuru.

Jana, niko juu nasoma, nikasikia toka chini:
"Bosi! Ndoo!"
Nikashuka mbio, mikono mitupu, nimejaa ushamba uliokwisha,
nikasimama mbele yake nikitabasamu.
Akanitazama. Akatazama mikono yangu.
Mabomba yalikuwa yamekauka tangu asubuhi.
Safari hii alitaka ndoo.